Karatasi iko ndani ya kopo la hamira

Assalaam aleikum, Mama.

Mimi ni muoka mikate hapa Tanga, umri wangu miaka 34. Tanuri letu ni la kuni, alilijenga marehemu baba. Naingia saa mbili usiku, nakanda, nangoja unga uumuke, na kuanzia saa saba nasimama mbele ya mdomo wa tanuri mpaka adhana ya alfajiri. Sigara navuta tatu nne za kukimbizia usingizi. Nimeoa mwaka wa tano sasa na hatujapata mtoto. Hata mimba ya kuharibika hatujaiona.

Miaka yote hiyo mwenye kuhangaika alikuwa mke wangu. Amekunywa mizizi ya kila namna. Amepelekwa Lushoto kwa bibi anayekanda matumbo. Mwaka jana akapigwa picha ya mirija, ile ya kupitishiwa dawa kwa chini. Mimi nilikaa nje kwenye benchi nachezea simu. Alipotoka alikuwa anatembea kashika ukuta. Majibu yakasema mirija iko wazi. Nikamwambia alhamdulillahi, kisha nikamtafutia mganga mwingine.

Miezi miwili iliyopita daktari mpya akamwuliza, "Mumeo ameshapima?" Mke wangu akaniletea swali hilo nyumbani kwa upole, kama mtu anayeogopa kumwaga chai. Nikamwambia nitakwenda. Siku zile nilikuwa natoka kwenye malaria, homa ilinichoma siku nne. Mwezi ukapita. Akaenda Pangani kwenye msiba wa shangazi yake, akakaa siku kumi na moja, ndipo nikaenda kimyakimya. Kufanyia pale maabara niliona haya. Nikachukua kikopo, nikafanyia nyumbani, nikakitia kwenye mfuko wa rambo, nikapanda daladala. Daladala ikangoja ijae. Maabara nako foleni. Mpaka kikopo kinapokewa ilikuwa imepita kama saa moja na nusu.

Majibu ninayo. Ujazo wa manii mililita 2.1. Idadi ya mbegu milioni 22 kwa kila mililita. Zilizo hai asilimia 68. Lakini zinazokwenda mbele ni asilimia 9 tu. Yule kijana wa maabara akaniambia, "Kaka, zipo, ila hazina mbio." Nikasoma kwenye simu kwamba mbio za mbegu zinatoka kwenye kitu kinaitwa mitokondria, na kwamba mitokondria mtu hurithi kwa mama yake.

Sijamwambia mtu. Karatasi nimeikunja, nimeitia ndani ya kopo tupu la hamira pale kazini, maana rafu ile haguswi na mtu ila mimi. Yupo kijana anauza makopo ya "kuchaji mitokondria", shilingi 380,000 kwa miezi mitatu. Rafiki yangu wa gym anasema nisipoteze pesa, nichome sindano za homoni ya kiume.

Wiki iliyopita mama aliniita, akanitajia binti wa jirani. Nilinyamaza. Habari ikamfikia mke wangu, sijui kwa njia gani. Usiku akaniuliza, "Ukioa, mimi nitabaki chumba hiki au nitahamia kile cha uani?" Aliuliza kama mtu anayepanga vyombo. Nikajifanya nimelala.

Mama, ninunue kopo? Nichome sindano? Nimwambie mama kwamba kasoro imetoka kwake? Na mke wangu nimwambie, au ningoje kwanza nipone? Najiona si mwanamume.

Muoka mikate, Tanga

*

Waaleikum salaam, mwanangu.

Barua yako ina maswali manne: matatu ya mbegu, moja la chumba. Umeweka ya mbegu mbele kwa sababu hayo yana bei na yana tarakimu, nami nitakujibu yote. Lakini lile la chumba ndilo nililolala nalo.

Tuanze na karatasi. Umeipokea kama hukumu, na mimi nina wasiwasi na namna ilivyopatikana. Kabla ya kipimo hiki mwanamume hutakiwa kukaa bila kutoa manii siku mbili mpaka saba. Wewe, kwa hesabu ya msiba wa Pangani, huenda ulizidisha, na mbegu zilizokaa mno hupungua mwendo. Halafu kikopo. Manii hutakiwa kuangaliwa ndani ya saa moja, na nusu saa ni bora zaidi, yakiwa yamewekwa karibu na joto la mwili. Ya kwako yalipanda daladala ndani ya rambo na kungoja abiria. Halafu homa. Mbegu moja huchukua siku kama 74 kutengenezwa, na wiki nyingine moja au mbili kupita kwenye mirija yake ikijifunza kuogelea, kwa hiyo zilizopimwa siku ile ni zilezile zilizokuwa jikoni malaria inakuchoma. Kijana wa maabara hakukuuliza hata moja kati ya hayo? Kama hakukuuliza, amekupa nusu ya kipimo.

Sisemi hivi ili ujipe matumaini ya bure. Kipimo cha pili kinaweza kuleta asilimia 9 ileile. Nasema kwamba leo hujui, na umeshaanza kuishi kama mtu anayejua.

Hata hizo namba zisome vizuri. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, linataja asilimia 30 ya mbegu zinazokwenda mbele kama mpaka wa chini. Mpaka huo haukutolewa kwa wagumba. Ulitolewa kwa wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya mwaka mmoja, na mmoja katika kila ishirini kati ya hao alikuwa chini yake. Wako akina baba wenye karatasi mbaya, na wako wenye karatasi safi wasiopata mtoto. Piga hesabu yako mwenyewe: milioni 22 mara 2.1, kisha chukua asilimia 9. Zinabaki milioni nne na kitu zinazokwenda mbele. Ni chache, lakini milioni nne si sifuri.

Sasa hiyo mitokondria. Mbegu ni kitu kidogo mno, urefu wake kama sehemu moja ya ishirini ya milimita. Ina kichwa kilichobeba urithi wako, ina mkia, na kati ya hivyo viwili ipo shingo nene kidogo. Kwenye shingo ile mitokondria kama 50 hadi 75 zimejizungusha mfano wa kamba iliyovingirishwa kwenye mpini wa jembe. Hizo ndizo zinazochoma chakula kwa oksijeni na kutoa nishati. Lakini mbegu ina jiko la pili ndani ya mkia wenyewe, linalochoma sukari bila kuhitaji oksijeni, na wataalamu bado wanabishana ni jiko gani linalobeba mzigo mkubwa kwa binadamu. Wewe kila usiku unaishi na kiumbe mwenye majiko mawili kama haya. Hamira yako ni hai, ina mitokondria zake, na ukiifungia ndani ya kinyunga hewa ikaisha, inaendelea kula sukari kwa njia nyingine na unga unaumuka. Hujawahi kulitupa kopo zima la hamira kwa sababu kinyunga kimoja kimegoma. Kwanza unauliza: maji yalikuwa ya moto mno? Limekaa mno?

Kwako, zilizo hai ni asilimia 68, na mpaka wa chini ni 54. Maana yake nyingi zinazogoma kusogea hazijafa. Huenda ni nishati. Huenda ni mkia wenyewe kuwa na kasoro ya umbo. Huenda ni ile daladala. Karatasi moja haiwezi kukuambia ni lipi, na anayekuuzia dawa ya mitokondria hawezi kulijua kwa kusikia sauti yako kwenye simu.

Joto ni jambo la kulitazama kweli. Korodani zimewekwa nje ya mwili kwa sababu zinataka ubaridi wa nyuzi mbili hadi nne chini ya joto la mwili, na wewe umesimama mbele ya kuni zinazowaka tangu ulipokuwa kijana. Moshi wa sigara nao huongeza zile chembe kali za oksijeni zinazotoka kwenye mitokondria iliyochoka. Utando wa mbegu umejaa mafuta laini, na chembe hizo huyachachisha kama samli iliyoachwa juani. Utando ukiharibika, mkia haupigi sawasawa. Sikuambii uache tanuri la baba yako. Lakini miezi mitatu ya kumpa kijana mwingine zamu ya kusimama mdomoni, wewe ukabaki na kukanda na kupima, ukavaa suruali pana, ukaacha sigara, haikugharimu 380,000. Miezi mitatu kwa sababu ndiyo muda wa mbegu mpya.

Kuhusu kopo lenyewe. Makopo kama hayo mara nyingi huwa na kitu kinachoitwa koenzaimu Q10. Kitu hicho kipo kweli ndani ya mitokondria na kina kazi yake, na ziko tafiti ndogo zilizoona mwendo wa mbegu ukiongezeka. Ila mwendo kuongezeka kwenye karatasi ni jambo moja na mtoto mkononi ni jambo jingine. Marekani ulichapishwa utafiti mkubwa mwaka 2020: wanaume 2,370 waliokuwa wakitafuta matibabu ya uzazi na wake zao waligawanywa, wengine wakapewa zinki na asidi ya foliki, wengine vidonge vitupu visivyo na dawa. Upande wa dawa watoto walizaliwa kwa asilimia 34 ya familia, upande wa vidonge vitupu 35. Na virutubisho hivyo vilikuwa vinasifiwa sana. Usiponunua, hupotezi nafasi. Ukitaka kununua, mpelekee daktari kopo aone lina nini ndani, maana wapo wanaochanganya vitu visivyoandikwa.

Sindano hapana. Hapa sikuachii nafasi ya kuchagua bila kukuonya: homoni ya kiume ikiingia kutoka nje, ubongo huona imetosha, unaacha kuziamuru korodani, na utengenezaji wa mbegu hushuka, wakati mwingine mpaka sifuri. Rafiki yako ana kifua kipana, lakini mwulize kama ameshapima manii.

Ukirudi hospitali, omba daktari akupime kwa mikono, si kwa maabara tu. Ipo mishipa ya damu inayovimba juu ya korodani, mara nyingi upande wa kushoto, na inaongeza joto palepale. Huonekana kwa wanaume wengi wenye tatizo la uzazi na mara nyingine hutibika kwa upasuaji mdogo. Aulize pia kuhusu maambukizi ya zamani. Na hata yote yakishindikana, tangu mwaka 1992 ipo njia ya kuchukua mbegu moja hai na kuichoma ndani ya yai kwa sindano. Mbegu hiyo haihitaji mbio. Dar es Salaam kuna kliniki zinazofanya hivyo. Ni gharama kubwa na si kila mara hufanikiwa, kwa hiyo usiuze tanuri kesho.

Umesema mirija ya mkeo iko wazi kana kwamba yeye amemaliza na sasa zamu ya lawama ni yako. Mirija ni kipimo kimoja. Yai linapevuka kila mwezi? Homoni zake je? Mara nyingine kila upande una kidogo chake, na wagonjwa kwenye jambo hili ni nyinyi wawili kwa pamoja. Nyumbani kwenu mmelifanya kama mpira wa kutupiana, nawe sasa umeudaka na kuuficha.

Ndiyo maana sitaki uutupie kwa mama yako. Ni kweli, mitokondria ulizo nazo zimetoka kwake, kwa kuwa za baba zikiingia ndani ya yai hutiwa alama na kuvunjwavunjwa. (Hata mtoto wako, akija, atachukua za mkeo.) Lakini mitokondria hubeba jeni 37 tu. Protini zaidi ya elfu moja zinazoijenga na kuiendesha, karibu zote maelekezo yake yako kwenye kiini cha seli, kutoka kwa mama na kwa baba. Na joto, homa na sigara hukuvirithi kwa mtu. Ukimwambia "imetoka kwako", utakuwa umemfanyia yeye kile alichomfanyia mkeo, tena ukiwa na sayansi nusu.

Haya, chumba.

Mwanamke aliyeuliza atahamia chumba gani hakuuliza kwa hasira. Ameshafika mbali zaidi ya hasira, anapima kama kitanda kitaingia uani. Wewe ulikuwa macho, karatasi iko kwenye kopo la hamira, ukafumba macho. Sikusimangi. Aibu ya namna hii imefundishwa kwa wanaume tangu wakiwa jandoni, kwamba uanaume uko mahali pamoja tu mwilini. Lakini yule aliyekwenda peke yake kupima, mwezi tu baada ya malaria, si mwoga kiasi anachodhani.

Unaweza kungoja kipimo cha pili ndipo useme. Faida yake ni kwamba utakuwa na habari kamili, na pengine habari nzuri. Hasara yake ni siku. Ukitaka kipimo cha haki baada ya homa na tanuri, ni miezi kama mitatu, na katika miezi mitatu mama yako anaweza kufika kwa wazazi wa yule binti, na mkeo anaweza kupelekwa Lushoto tena. Kila dawa atakayokunywa kuanzia sasa, ataikunywa wewe ukijua.

Unaweza kumwambia leo. Atalia, au atacheka, au hatasema neno. Jiandae zaidi kwa swali la "tangu lini?" kuliko swali la mbegu. Atahesabu. Atakumbuka kila jioni aliyokunywa mizizi wakati karatasi iko kazini, na huenda hilo likamuuma kuliko asilimia 9. Anaweza pia kuwaambia ndugu zake. Siri hii ni yako, lakini miaka minne alibeba yeye mzigo wake bila kuwa yake.

Wengine huomba daktari awaambie wote wawili chumbani kwake, kama habari mpya. Naelewa kwa nini. Daktari ana maneno, na mbele ya mgeni watu hujizuia. Lakini tarehe ya kipimo imechapwa juu ya karatasi, na ukimwomba daktari aigize, utaanza safari nyingine kwa uongo wa pili. Kwenda pamoja kwa daktari baada ya kumwambia ni jambo jingine kabisa.

Mama yako yeye unaweza kumsimamisha bila kumfungulia kopo. "Mama, jina la binti yule lisitajwe tena, na mke wangu asipelekwe kokote. Tunatibiwa wote wawili." Maneno hayo hayana namba wala uongo. Kama atauliza zaidi, utaamua wewe na mkeo kwa pamoja anastahili kujua kiasi gani, ndiyo maana nadhani ni vigumu kuongea na mama kabla ya kuongea na mke. Ila wewe ndiye unayeijua nyumba yako.

Sijui mkeo atajibu nini. Umemwandika vizuri mno, mwanangu, kwa mtu anayejiona hana thamani. Umeona namna alivyoshika ukuta. Umeona namna alivyouliza kuhusu daktari kama anayeogopa kumwaga chai. Mwanamume anayeona hivyo ana la kumwambia mkewe hata kabla ya kufika kwenye karatasi, na pengine pa kuanzia ni lile benchi: kwamba siku ile ya picha ya mirija ulikaa nje, na sasa unajua ulipaswa kuwa wapi.

Kipimo cha pili kifanyie palepale maabara, siku tatu au nne baada ya tendo la mwisho, na uwaambie tarehe ya ile homa. Majibu yakitoka niandikie, hata yakiwa yaleyale. Na niambie amebaki chumba gani.

Mama yenu wa ushauri